Mtoto mchanga alilegea siku ya kwanza, siku ya pili akatetemeka: dawa za mama zinahusikaje?

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne

Shikamooni walimu wetu na wakubwa wote mliomo humu. Wenzangu, habari za masomo. Nimo katika zamu ya wodi ya watoto wachanga, wiki ya pili sasa, na yuko mtoto mmoja ambaye nimeshindwa kumwelewa ingawa nimesoma kurasa nyingi kwa ajili yake. Hospitali sitaitaja, na baadhi ya maelezo ya mama nimeyaacha makusudi.

Mtoto ni wa kike, alizaliwa kwa njia ya kawaida mimba ikiwa imetimia, akiwa na uzito wa kilo 2.9, na alilia mara tu alipozaliwa, kiasi kwamba alama zake za Apgar (alama za hali ya mtoto mara baada ya kuzaliwa, juu ya 10) zilikuwa 8 na 9. Saa chache baadaye muuguzi aliona kwamba hanyonyi: chuchu anaishika, anavuta mara mbili au tatu, kisha analala. Nilipomwinua kwa kiganja kimoja chini ya kifua, tumbo likielekea chini, alining'inia kama kanga iliyotoka kuloweshwa, kichwa na miguu vikidondoka pande mbili za mkono wangu. Joto lake lilikuwa nyuzi 35.8. Kesho yake mchana, akiwa na umri wa saa 30 hivi, mambo yakageuka. Alianza kutetemeka mikono na kidevu, akawa anashtuka kila mlango ulipofungwa, na kilio chake kikawa chembamba na cha juu. Bibi yake alisema hilo ni degedege na akaomba aruhusiwe kumtoa mtoto ili ampeleke kwa mganga wanayemfahamu. Daktari wa zamu aliagiza fenobabitoni, dawa ya degedege na kifafa.

Ilikuwa jioni ndipo mama alipotoa mkobani bahasha mbili za vidonge. Moja ilikuwa ya amitriptilini, ambayo amekuwa akiimeza kwa miaka 3 kwa ajili ya sonona. Nyingine ilikuwa ya diazepamu, aliyoianza mwezi wa mwisho wa mimba kwa sababu usingizi ulikuwa umemwisha, akiinunua dukani bila kuandikiwa na mtu. Kadi ya kliniki haina neno lolote juu ya dawa hizo mbili.

Naomba kusaidiwa mambo matatu. Inawezekanaje dawa zilezile zimlegeze mtoto leo na kumtetemesha kesho? Nikiwa pale kitandani, bila mashine ya kupima umeme wa ubongo, nitatofautishaje mtetemeko huu na degedege lenyewe? Na je, mama huyu angeacha dawa alipojua ana mimba, haya yote yasingetokea? Mwenzangu tunayezunguka naye wodini anasema jibu la swali la tatu ni ndiyo, na limekwisha.

Daktari wa watoto

Marahaba, daktari. Umemweleza mtoto vizuri kuliko wengi wanavyofanya kwenye raundi, lakini kuna namba moja sijaiona katika maelezo yako yote, nayo ndiyo ningeitafuta kabla ya kufungua kitabu cha dawa: sukari yake ilikuwa ngapi, na ilipimwa saa ngapi? Rudi kwenye faili, uniletee jibu. Wakati huohuo nijibu ulichouliza.

Mtoto wa mama aliyekuwa akitumia dawa za akili anaweza kufika kwako akiwa amejaa dawa, au akiwa ameishiwa na dawa, na hali hizo mbili zinakaribia kuwa kinyume. Tukiendelea kusema tu kwamba "dawa zimemdhuru", hatutaelewa kitu. Chukua diazepamu. Inapita kondo la nyuma kwa urahisi sana, na ini la mtoto mchanga huivunja polepole mno, hivyo mtoto huzaliwa akiwa ameibeba yeye mwenyewe, na kitovu kikishakatwa mama hawezi tena kumsaidia kuitoa. Mtoto wa namna hiyo hulegea, hupoa, hunyonya vibaya, na wengine husahau kupumua kwa sekunde kadhaa. Siku yako ya kwanza inaelezeka hapo.

Amitriptilini ina njia mbili. Ikiwa bado imo mwilini, inaweza kumpa mtoto mapigo ya moyo ya haraka, kuufanya utumbo uwe mzito na kuzuia mkojo. Kwa hiyo mguse chini ya kitovu uone kama kibofu kimejaa, na umuulize mama nepi ya mwisho ililowa lini. Ikianza kutoka, mtoto hukosa kitu ambacho ubongo wake uliumbwa ukiwa umekizoea, akawa na ile hali ambayo vijana wa mitaani huiita arosto: mtetemeko, kilio cha juu, usingizi wa vipande vipande, kupumua kwa haraka, na mara chache degedege la kweli. Kwa dawa za sonona dalili hizi huanza ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo, na mara nyingi huwa zimekwisha ndani ya wiki mbili. Kwa kundi lingine la dawa za sonona, la fluoksetini na setralini, ambalo limechunguzwa zaidi, watoto wanaoonyesha dalili za aina hii wanafika takriban 3 kati ya 10 wa wale waliofikiwa na dawa mwishoni mwa mimba, na wengi wao hawahitaji dawa yoyote zaidi ya mikono ya mama na maziwa yake.

Sasa tazama saa. Mtoto aliyekunywa diazepamu tumboni kwa mwezi mzima hawezi kuwa ameishiwa nayo akiwa na umri wa saa 30. Upungufu wake huja baadaye, baada ya siku kadhaa na wakati mwingine wiki. Kanuni hiyohiyo hutumika kwa fenobabitoni ambayo mama wenye kifafa wengi wa kwetu wanaitumia: mtoto anaweza kuruhusiwa akiwa mzima kabisa, kisha akarudishwa wiki ya pili akilia bila kunyamaza, na kila mtu akatafuta malaria. Dawa inayokaa sana mwilini humchelewesha mtoto kulalamika. Kwa hiyo mtetemeko wa saa 30 siupeleki kwa diazepamu. Unabaki na amitriptilini, au na jambo lingine kabisa, na ndiyo maana nimeuliza sukari. Nitakuuliza na jambo la pili: ulipomwinua tena wakati anatetemeka, alikuwa bado ananing'inia?

Kuhusu kutofautisha, tumia mkono wako. Shika ule mkono unaotetemeka, ukunje taratibu kwenye kiwiko, uufunge ndani ya kiganja chako. Mtetemeko wa kawaida hukoma ukiushika na hurudi ukimgusa au ukimshtua. Mwendo wake ni sawasawa kwenda na kurudi, na macho ya mtoto yanabaki yanakutazama. Degedege haliombi ruhusa ya mkono wako. Utausikia ule mpigo ukiendelea ndani ya kiganja, wenye kwenda haraka na kurudi taratibu, na mara nyingi macho yatakuwa yamekaza upande mmoja, au mdomo utakuwa unatafuna, au mtoto atabadilika rangi. Kwa watoto wachanga degedege linaweza kuwa dogo kiasi cha kufanana na mchezo wa kupiga baiskeli kwa miguu, hivyo usiseme hapana kwa sababu tu hakurukaruka.

Mwanafunzi wa chuo kingine

Mimi si yule mwenzake anayemtaja, lakini namwunga mkono. Tumefundishwa kwamba dawa yoyote isiyo ya lazima iondolewe wakati wa mimba, na tukifikiria yaliyotokea kwa thalidomidi, ambayo nayo iliuzwa kama dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, watoto wengi wakazaliwa na mikono na miguu isiyokamilika, kabla ya kuondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961, sioni kwa nini mama mwenye sonona asivumilie miezi 9. Mtoto hakuchagua.

Muuguzi wa afya ya akili

Ndugu yangu, nakuomba neno hilo "asivumilie" ulitumie kwa uangalifu. Nimewahi kumpokea mama aliyevumilia. Aliambiwa na mtu wa kliniki, kwa nia njema, aache vidonge siku ileile aliyopimwa mimba. Alipofikisha miezi 7 alikuwa haogi, hali, hakumbuki tarehe za kliniki, na tulimkuta ameketi kizingitini na kanga moja akiwa hajala kwa siku mbili. Mtoto aliyemo ndani ya mama asiyekula hayuko salama kwa sababu tu damu haina amitriptilini. Sonona isiyotibiwa nayo inaongozana na kujifungua kabla ya wakati na watoto wenye uzito mdogo, na baada ya kujifungua inaweza kummaliza mama mwenyewe.

Mfano wa thalidomidi naukubali kwa nusu. Unachotufundisha ni kwamba dawa moja inaweza kuwa hatari kubwa wakati jirani yake kabatini si hatari ya aina hiyo, na kwamba siku ya mimba ni muhimu kuliko jina la ugonjwa. Kama unataka dawa ya kuogopa kweli katika kabati letu, iogope valproeti, ambayo tunaitumia kwa kifafa na pia kwa wenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Daktari Elisabeth Robert wa Lyon, Ufaransa, alionyesha mwaka 1982 kwamba watoto wa mama waliotumia valproeti walikuwa wakizaliwa na mgongo wazi kuliko ilivyotarajiwa. Leo tunajua kwamba takriban watoto 10 kati ya 100 waliofikiwa nayo huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile, wakati kwa watoto wote kwa jumla ni 2 au 3, na kwamba 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, kama vile kuchelewa kusema na kutembea. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kuonya juu yake mwaka 2023.

Sasa fikiria kuhusu kuiacha. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutunga, na siku hiyo mama wengi wanadhani wamechelewa tu. Mama anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza mwezi wa nne akaachishwa valproeti hajakingwa dhidi ya mgongo wazi hata kidogo. Kama ulikuwa utokee, umeshatokea. Tena kama ana kifafa na ameachishwa ghafla, anaweza kuanguka kwa mfululizo wa degedege litakalomuua yeye na mtoto. Mazungumzo ya valproeti hufanywa na msichana kabla hajaolewa, dawa ikibadilishwa taratibu na kwa mpango, na vidonge vya foliki vikianza kabla ya mimba. Amitriptilini haina historia ya namna hiyo. Kilichompata mtoto huyu ni usumbufu wa siku kadhaa, na kuuweka mizani moja na mgongo wazi ni kumwonea mama.

Diazepamu ni kesi nyingine, na hapo nakubaliana nawe kwamba haikupaswa kuwepo. Lakini jiulize kwa nini ilikuwepo: mama wa sonona anayekosa usingizi mwezi mzima ni mama ambaye tiba yake haimtoshi, na hakuna aliyemuuliza.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne

Nashukuru sana. Nimerudi kwenye faili, na naandika haya kwa aibu kidogo kwa sababu na mimi nilikuwepo siku hiyo. Sukari haikupimwa siku ya kwanza. Ilipimwa mara ya kwanza saa kumi alasiri ya siku ya pili, baada ya fenobabitoni kwisha kuingia, na ilikuwa milimoli 1.8 kwa lita. Walimpa maji ya sukari ya asilimia 10 kwenye mshipa, wakarudia kupima baada ya nusu saa, ikawa 3.4. Mtetemeko ulipungua sana lakini haukwisha. Mapigo ya moyo yalikuwa 172 akiwa ametulia. Na ndiyo, alipokuwa akitetemeka nilimwinua tena, na alikuwa bado ananing'inia vilevile. Nilidhani nimekosea kumshika. Jaribio la kukunja mkono sikulifanya kwa sababu sikulijua.

Daktari wa watoto

Hukukosea kumshika. Mtoto anayetetemeka huku amelegea alikuwa anakuambia mambo mawili kwa wakati mmoja, na wewe ulikuwa unatafuta moja.

Fuata mnyororo. Diazepamu ilimlegeza, kwa kulegea hakunyonya, kwa kutonyonya na kwa kupoa, akiba yake ya sukari ikaisha, sukari iliposhuka chini ya 2.5 akaanza kutetemeka, na amitriptilini iliyokuwa inaondoka ikaongeza yake juu, ndiyo maana mtetemeko ulipungua kwa sukari na haukwisha. Dawa ya mama inahusika, lakini kilichokuwa kinaweza kuuharibu ubongo wa mtoto huyu moja kwa moja ni sukari ya 1.8 iliyoachwa kwa saa nyingi, na tiba yake ni mililita 2 kwa kila kilo: kwa kilo 2.9 ni mililita 6 karibu kamili, kitu kinachoingia kwenye sindano ndogo. Fenobabitoni, ambayo kwa degedege la kweli ningeanza kwa miligramu 20 kwa kilo, yaani 58 kwake, haimpi mtoto sukari. Inamnyamazisha tu, na kesho yake unashindwa kujua kama amelegea kwa diazepamu ya mama au kwa fenobabitoni yako. Simlaumu daktari wa zamu. Bibi alikuwa analia na mtoto alikuwa anatetemeka. Lakini kifaa cha kupima sukari kiko mfukoni mwa muuguzi, na jibu hutoka kabla hujamaliza kuvuta dawa.

Hata baada ya kuziona zile bahasha, nisingeacha kutafuta mengine. Dawa ya mama ni mshukiwa anayekiri haraka mno, na wanafunzi humpenda kwa sababu hiyo. Mtoto aliyepoa, asiyenyonya na aliyelegea ana maambukizi ya damu hadi uthibitishe vinginevyo, hivyo damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe na antibiotiki, yaani ampisilini pamoja na jentamisini, zianze bila kusubiri. Kama hali yake inaruhusu, maji ya uti wa mgongo yapimwe. Pima kalisiamu ukiweza. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa hutukutika mara nyingi ndani ya siku ya kwanza, lakini huyu alilia na Apgar yake haisemi hivyo. Manjano ya kupindukia yanayofika ubongoni humfanya mtoto alegee kisha akakamae na kupinda mgongo nyuma, basi mtazame macho na ngozi mchana, karibu na dirisha. Pepopunda naiondoa kwa historia tu: mtoto wa pepopunda hunyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha huacha na kukakamaa. Wako hakuwahi kunyonya.

Jambo la pembeni, kwa kuwa wengi mtafanya kazi miji ya pwani. Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilipoanzishwa Muhimbili mwaka 2011, tunao mama wanaojifungua wakiwa kwenye tiba hiyo, na ni tiba nzuri. Mtoto wake akizaliwa na pumzi hafifu, msaidie kupumua kwa mfuko na barakoa. Usimchome naloksoni, dawa inayopinga methadoni, kwa maana utamwondolea dawa yote kwa dakika moja na kumtupa kwenye arosto kali yenye degedege.

Kunyonyesha kuendelee. Amitriptilini inayopita kwenye maziwa ni kidogo. Diazepamu asiiache kwa usiku mmoja baada ya mwezi mzima, ipunguzwe chini ya uangalizi wa kliniki ya akili, na mtoto atazamwe kama anasinzia kupita kiasi. Hadi atakapoweza kunyonya mwenyewe, maziwa ya mama yakamuliwe, apewe kwa mrija kila baada ya saa tatu, na akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi. Taa zipunguzwe, na huo mlango unaobamizwa utafutiwe kitambaa.

Mkunga mstaafu

Nimewasoma wote, wanangu, na naongeza dogo la kadi. Mama huyo hakuficha. Ukimuuliza mjamzito wa kwetu "unatumia dawa yoyote?" atasema hapana, kwa kuwa dawa ni ya mgonjwa, naye amekuja kupima mimba. Mimi nilikuwa nauliza, tukiwa wawili tu na mama mkwe akiwa nje, "Kuna kidonge unameza ili upate usingizi? Cha mawazo? Cha kuanguka? Kuna sindano unachomwa kila mwezi?" Hiyo sindano ya mwezi, ya ugonjwa wa akili, hasa wanaisahau, kwa sababu haikai mkobani, nayo hukaa mwilini kwa wiki nyingi, na mtoto wake anaweza kukakamaa na kutetemeka muda mrefu kuliko hawa wa vidonge. Ukijibiwa ndiyo, usikunje uso. Ukikunja uso, bahasha hairudi kuonekana.

Na yule bibi msimpuuze. Kwa wazee wengi degedege ni kitu kinachompitia mtoto kama ndege, na wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Ninyi mlikuwa mnamchoma mbele ya macho yake. Mwonyesheni ile namba kwenye kipimo, 1.8, kisha 3.4, na mwacheni amshike mtoto mkono aone mtetemeko unavyotulia ndani ya kiganja chake.

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Leo ni siku ya sita. Damu iliyooteshwa haikuota kitu na antibiotiki zimesimamishwa. Mtetemeko umebaki kidogo kidevuni anapolia, mapigo ni 140, na tangu jana asubuhi ananyonya bila mrija. Leo amepimwa kilo 2.84. Nilimkunja mkono kama nilivyoelekezwa, ukatulia. Nikamwita bibi yake naye aushike. Akaushika muda mrefu, kisha akauliza kama kile kipimo cha sukari kinapatikana dukani na ni shilingi ngapi.